Brakioplasti: upasuaji wa kukaza mikono, na maana ya kuufuata ng'ambo

Mitaani Dar es Salaam kuna neno "nyama uzembe", na hutupiwa kila kinachoning'inia mwilini: pembeni mwa kiuno, mgongoni chini ya sidiria, chini ya mkono mtu anapopunga. Kwa habari ya mikono neno hilo mara nyingi ni la uonevu. Chukua mfano wa mama aliyetoka kilo 118 hadi 74. Huyo hakuzembea. Kilichobaki kati ya kwapa na kiwiko chake ni ngozi iliyotanuka kwa miaka hadi ikapoteza uwezo wa kujirudi, na sasa imelegea kama gunia lililopunguzwa mchele. Anyanyue vyuma asubuhi na jioni, msuli wa ndani utakua, lakini ngozi ya nje itabaki palepale.

Upasuaji wa kukata ngozi hiyo na kuishona upya ndio huitwa brakioplasti. Nusu ya kwanza ya neno inatokana na jina la mkono kwa Kilatini, na nusu ya pili na neno la Kigiriki la kufinyanga, kazi ya mfinyanzi wa vyungu. Nalisema hili kwa sababu wengi wakisikia "upasuaji wa plastiki" hudhani kuna plastiki inayopachikwa mwilini. Hakuna. Jina linalotumika Tanzania, upasuaji rekebishi, linaeleza kazi yenyewe vizuri zaidi. Na si jambo la jana: madaktari wawili wa Argentina waliuandika kama upasuaji wa urembo mwaka 1954. Tangu hapo, swali linalowashughulisha wapasuaji ni lilelile: kovu likae wapi?

Kovu ndilo kiini cha habari hii, na ningependa msomaji alifikirie kabla hajauliza bei. Katika brakioplasti ya kawaida, daktari huchana kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, hutoa kipande kirefu cha ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kisha huzikutanisha kingo mbili. Unaondokewa na ngozi inayoning'inia na unabaki na mstari wenye urefu wa mkono wa juu, kila mkono. Wapo madaktari wanaouweka mstari huo upande wa ndani, ambako hauonekani mikono ikiwa imeshuka. Wengine huuweka nyuma. Kwapani hawaukatishi moja kwa moja bali huupinda, maana kovu lililonyooka likivuka kwapa linaweza kujikunja na kuuzuia mkono usiinuke vizuri. Aliyepungua sana huenda akahitaji mchano uendelee hadi ubavuni. Mwenye ngozi kidogo iliyolegea karibu na kwapa tu anaweza kupona na kovu fupi linalofichika humo humo kwapani, na mwenye mafuta mengi lakini ngozi bado imara huenda asihitaji kuchanwa kabisa. Kunyonya mafuta kunamtosha. Picha za "kovu dogo" zinazozunguka mitandaoni mara nyingi ni za makundi haya mawili ya mwisho. Mtu aliyepoteza kilo 40 asijipime kwa picha hizo.

Kazi yenyewe huchukua takriban saa mbili hadi tatu, na kwa kawaida mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi. Baada ya hapo huvishwa nguo ya kubana mikononi, na wakati mwingine huachiwa mirija midogo ya kutoa damu na majimaji yanayokusanyika chini ya ngozi. Kazi za ofisini wengi huzirudia ndani ya wiki moja au mbili. Kubeba vizito ni baada ya wiki nne hadi sita, na nguo ya kubana huvaliwa karibu muda huohuo. Kovu lenyewe huwa jeusi au jekundu na gumu kwa miezi kadhaa, na huchukua mwaka au zaidi kutulia.

Angalia hesabu hiyo: saa tatu za kisu, mwaka mzima wa kupona. Anayesafiri ng'ambo anazifuata zile saa tatu. Mwaka wenyewe atauishi nyumbani, mbali na aliyemshona. Karibu kila ugumu ninaoujua wa safari hizi unaanzia hapo.

Istanbul ni mfano mzuri kwa kuwa watu wetu wengi wanaijua. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ni takriban saa saba, na vifurushi vinavyouzwa huunganisha upasuaji, hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege na mkalimani. Wapo madaktari bingwa huko, na wapo wanaofanya kazi nzuri sana. Tangu 2017 sheria za Uturuki zinataka hospitali inayohudumia wageni, na hata wakala anayewatafutia wagonjwa, wawe na cheti cha idhini cha Wizara ya Afya ya nchi hiyo. Kiombe. Utaona pia mihuri ya kimataifa ya ubora wa hospitali, kama ule wa Joint Commission International. Mihuri hiyo ina maana, lakini kinachokaguliwa ni jengo, mifumo na usafi. Haisemi chochote kuhusu mkono wa daktari fulani. Kwa hiyo omba jina kamili la mpasuaji, uhakikishe kwamba ubingwa wake ni wa upasuaji rekebishi na urembo, na uzungumze naye mwenyewe kwa video kabla ya kulipa. Unayemwandikia WhatsApp usiku kucha na anayekujibu kwa upole huwa ni mtu wa mauzo. Si kosa lake, lakini yeye hatashika kisu.

Wanaokwenda India wana njia nyingine kidogo: kuna viza ya matibabu yenyewe, na wasindikizaji hadi wawili wanaweza kuombewa viza yao. Usiingie kwa viza ya utalii kwa kuona ni rahisi, maana ukihitaji kukaa zaidi kwa sababu ya kidonda, karatasi zako zitakuwa zinasema hukuja kutibiwa.

Kabla ya tiketi, mwili. Uzito uwe umetulia kwa angalau miezi sita, vinginevyo ngozi italegea tena juu ya mshono mpya. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya kupunguza uzito kwa kawaida huambiwa asubiri mwaka au mwaka na nusu, na huyu apimwe damu kwa makini, kwani upungufu wa protini, chuma na vitamini humwandama, na kidonda hakifungi kwenye mwili usio na akiba. Sukari na presha viwe vimedhibitiwa. Sigara iachwe wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu hubana mishipa midogo inayolisha kingo za ngozi. Kwa watu wa kwetu naongeza selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi: kama hujawahi kupimwa, pima, kwani daktari wa usingizi anatakiwa kujua kabla hajakulaza, na daktari wa nchi ambako ugonjwa huo si wa kawaida anaweza asifikirie kuuliza.

Swali la keloidi ningeliweka mbele ya yote kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi. Tutazame masikio, kifua, mahali pa chanjo: kama kidonda kidogo kiliwahi kuota uvimbe uliopita mpaka wake, hatari ya kovu refu la mkono kufanya vivyo hivyo ni ya kweli. Asili ya Kiafrika yenyewe huongeza uwezekano huo. Keloidi haijitokezi ukiwa hotelini. Inaweza kuanza miezi baadaye, na tiba yake, kama sindano za steroidi, hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Tiba ya namna hiyo haipandiwi ndege kila mwezi. Inahitaji daktari wa ngozi au wa upasuaji aliye mji wako. Mpate kabla hujaondoka.

Mambo mengine yanayoweza kutokea ni kukusanyika kwa damu au majimaji chini ya ngozi, mshono kufunguka hasa karibu na kwapa ambako kuna jasho na msuguano, maambukizi, mikono kutolingana, na ganzi ya upande wa ndani wa mkono wa chini, yaani kati ya kiwiko na kifundo, iwapo neva inayopita hapo imeguswa. Mara chache mkono huvimba kwa muda mrefu kwa sababu njia za limfu, majimaji ya mwilini, kuelekea kwenye mitoki ya kwapani zimeharibiwa. Kufunguka kidogo kwa mshono ni jambo la kawaida kiasi na mara nyingi hupona kwa kufungwa dawa tu. Mbaya ni kukutwa na jambo hilo ukiwa huna wa kumwonyesha.

Kuna maambukizi ya aina moja ambayo msafiri anapaswa kuyajua kwa jina la ukoo: bakteria ndugu wa wale wa kifua kikuu, wanaokua haraka na kuingia kupitia vifaa au maji yasiyo safi. Mwaka 2013 na 2014, Wamarekani 21 waliokwenda kufanyiwa upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika waligunduliwa kuwa nayo. Dalili hujitokeza wiki au hata miezi baada ya kurudi: vijipu kandokando ya mshono visivyopona, usaha unaotoka na kukoma na kutoka tena. Antibiotiki za kawaida hazitoshi, na matibabu huchukua miezi. Ukipata dalili hizo, neno la kwanza kwa daktari wako liwe kwamba ulipasuliwa nje ya nchi, na lini. Wengi huficha kwa aibu, na aibu hiyo humfanya daktari atafute mahali pasipo.

Sasa siku zenyewe. Kinachowashangaza wengi ni jinsi mikono inavyohusika na kila kitu. Hutaweza kuvuta sanduku, wala kupandisha mkoba kwenye kabati la ndege. Kuvaa dera ni shida, kwa kuwa linapitia kichwani na mikono hainuki. Chukua shati la vifungo vya mbele, au baibui linalofunguka mbele. Suka nywele kabla ya kusafiri, mtindo utakaodumu wiki kadhaa. Anayeswali aswali ameketi siku za mwanzo, maana sijida hubebesha mikono uzito. Mwenye mtoto anayebebwa apange wa kumbeba. Msindikizaji basi ni wa lazima, na awe mtu usiyemwonea haya hata akikuogesha.

Kurudi ni suala la peke yake. Upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na ndege ya saa nyingi huongeza pia. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti au kunyonya mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa uso au tumbo. Kwa mikono, kaa angalau wiki, na mimi ningelipia wiki mbili: mirija iwe imetoka, daktari awe ameutazama mshono zaidi ya mara moja, na uvimbe uwe umeanza kushuka. Kifurushi cha usiku tano ni cha bei nafuu kwa sababu kimekata siku ambazo matatizo huanza kuonekana. Ndani ya ndege tembea, kunywa maji, vaa soksi za kubana. Ukipata maumivu ya shavu la mguu upande mmoja, au kifua kubana na pumzi kukatika, hata siku kadhaa baada ya kufika nyumbani, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi haina usiku wa ziada, wala kubadilisha tiketi, wala dawa za nyumbani. Baadhi huahidi marekebisho bure endapo kovu halikukaa vizuri. Soma kama tiketi na hoteli za safari ya pili nazo ni bure. Bima ya kawaida ya safari kwa kawaida hailipi matatizo ya matibabu uliyoyapanga mwenyewe. Ongeza yote hayo, kisha ulinganishe na bei ya mpasuaji wa Nairobi au Dar es Salaam, kwa sababu wapo. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila ina huduma ya upasuaji rekebishi, na hata ukiamua kwenda mbali, ushauri wao kabla ya safari ni pesa iliyotumika vizuri.

Usitoke hospitalini ng'ambo bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza: kilichofanyika, dawa za usingizi zilizotumika, aina ya nyuzi na kama zinayeyuka, dawa ulizopewa, na namba ya daktari mwenyewe. Ipige picha na kuituma kwa daktari wako wa nyumbani ukiwa bado huko, ili kama kuna neno hasomi au swali linabaki, liulizwe wakati aliyeliandika yuko korido moja nawe.