"Look forward to": kosa linalokaa juu ya sahihi

Nimehariri barua za maombi ya kazi kwa miaka mingi, na barua iliyo safi tangu anwani hadi aya ya mwisho huniharibikia palepale, juu tu ya sahihi: "I look forward to hear from you", kwa nia ya kusema "nangoja kwa hamu kusikia kutoka kwako". Nikisahihisha, naambiwa kwamba shuleni walifundishwa kuwa baada ya "to" kitenzi hubaki katika umbo lake la msingi. Kanuni hiyo yafaa katika "want to hear", lakini "to" ya "look forward to" ni kihusishi, nacho hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, yaani umbo la "-ing". Kwa hiyo huandikwa "hearing". Asiyeamini aondoe kitenzi, aweke nomino mahali pake: "I look forward to your reply" husimama, ilhali "I want to your reply" huanguka. Jaribio hilo ni la sekunde chache, nami sijui kwa nini watu huona heri kunakili barua ya jirani.

Kwa maoni yangu, mzizi wa kosa umo katika lugha yetu wenyewe. "Kusikia" hufanya kazi mbili: katika "nataka kusikia" ni kitenzi, na katika "kusikia kwake kumepungua" ni nomino ya ngeli ya KU. Kiingereza hutenga umbo la "to hear" na la "hearing", na aliyezoea umbo moja hashtuki anapochukua lisilofaa. Mtego huohuo umo katika "I am used to waking early", yaani nimezoea kuamka mapema, na "I used to wake early", yaani zamani nilikuwa nikiamka mapema.

Wengine hudhani kwamba "look forward to" ni "kutarajia" kwa kila hali. Sivyo, kwa kuwa ndani yake mna furaha na hamu. Mtabiri wa hali ya hewa hutarajia mafuriko, ila akisema "we look forward to the floods" atakuwa anayashangilia, na katika barua ya rambirambi neno hilo ni balaa.

"Look forward for" si Kiingereza sanifu. "I am looking forward to" si kosa, bali hupunguza urasmi kidogo, ndiyo maana katika maombi ya kazi huifuta. Anayeendelea kubabaika na aandike "your reply", ambayo haina kitenzi cha kukosea.