Ceredigion si jina la juzi

Nimechoka kulisikia hili. Karibu kila kundi la wageni ninalolitembeza magharibi ya Wales lina mtu wa kuwaeleza wenzake kwamba "Ceredigion", jina la kaunti hii, lilibuniwa na halmashauri miaka ya 1990, na kwamba jina la asili ni Cardigan. Ni kinyume kabisa.

Kwa mapokeo ya Wawelisi, eneo hili alipewa Ceredig, mwana wa kiongozi wa kale Cunedda, katika karne ya 5. Kiambishi -ion kikiungana na jina la mtu hutaja nchi yake, kama Edeirnion, nchi ya Edern. Habari za Cunedda na wanawe zitilie shaka ukipenda; wanahistoria wengi wanazitilia shaka. Jina lenyewe halina shaka: kumbukumbu za kale za Wales zinamtaja Arthen, mfalme wa Ceredigion, aliyefariki mwaka 807. Cardigan ni jina hilohilo katika vinywa vya Waingereza. Mwaka 1974 Cardiganshire, yaani kaunti ya Cardigan, ilimezwa na kaunti mpya ya Dyfed. Tarehe 1 Aprili 1996 ilirudishwa kwa jina hilo la Kiingereza, na kesho yake tu ikaitwa Ceredigion. Watu wameishika tarehe hiyo, wakaisahau miaka elfu na zaidi iliyotangulia!

Na mji wa Cardigan? Kwa Kiwelisi ni Aberteifi, yaani mlango wa mto Teifi. Nawasihi wageni wangu wote walishike neno aber kabla ya neno lingine lolote. Ukiliona kwenye ramani, tafuta mto: Aberaeron ndipo Aeron unapoingia baharini, na Aberystwyth ndipo unapoishia Ystwyth. Huo wa mwisho, wala si Cardigan, ndio mji mkubwa wa kaunti, wenye chuo kikuu tangu 1872 na Maktaba ya Taifa ya Wales.

Sweta la kadigani halikubuniwa hapa. Lilipewa jina la James Brudenell, mkabaila mwenye cheo cha Earl wa 7 wa Cardigan, aliyepigana Vita vya Krimea.

Wengine hudhani kaunti yote ni ufuo tu. Nendeni mashariki, kwenye Milima ya Kambria. Kilele cha Pumlumon kina mita 752, na kwenye miteremko ya mlima huo huanzia mito Severn, Wye na Rheidol. Miwili ya kwanza huelekea Uingereza. Rheidol pekee hushuka magharibi hadi Aberystwyth.