Mpira wa jiko la gesi haungojwi mpaka unuke

Majumbani Unguja na Pemba imezoeleka kuambiwa kuwa mpira wa gesi usiponuka ni mzima. Si kweli. Joto la jiko na mafuta ya kukaangia huukausha taratibu. Ukiukunja utaona mipasuko midogo hata kabla gesi haijavuja. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo pua ya aliyesimama huchelewa kuipata. Wapo wanaozungushia ufa kipande cha mpira wa baiskeli, na hilo linanitia hofu sana. Badilisha mpira wote. Zima gesi kwanza kwenye regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi, kaza mpya kwa klipu, kisha fungua gesi bila kuwasha jiko na upake povu la sabuni kwenye maungio. Yakitokea mapovu, usiwashe jiko. Kiberiti hakipimi uvujaji.