O'Brien: herufi iliyoanguka njiani na kurudi

Brian Boru, Mfalme Mkuu wa Ayalandi, aliuawa siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 23 Aprili 1014, jeshi lake likiwa limeshinda vita vya Clontarf karibu na Dublin. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa O'Brien, jina la ukoo lililotokana naye, jambo linalowashangaza wengi wanaoulizia asili yao. Ni kizazi cha wajukuu zake kilichoanza kujiita Ua Briain, wajukuu wa Brian. Hapo zamani Mwayalandi alitajwa kwa jina la baba, kama bin wa kwetu, na jina likabadilika kila kizazi. Hili la Ua Briain likaganda, likarithiwa.

Ukoo ulitawala Thomond, eneo la Clare na Limerick ya leo. Mwaka 1543 Murrough O'Brien alisalimisha ufalme kwa Henry wa Nane wa Uingereza, akapewa cheo cha kikabaila cha Earl wa Thomond. Alinusuru ardhi, ufalme ndio uliokwenda.

Kwa Kiayalandi cha leo, Ua imekuwa Ó: mwanamume huandikwa Ó Briain na binti Ní Bhriain. Kile kikoma cha juu katika O'Brien ni cha uandishi wa Kiingereza. Asili yake ni O yenye alama juu yake. Chini ya utawala wa Waingereza, hasa karne ya 17 na ya 18, familia nyingi ziliiacha O hiyo, zikabaki Brien au Bryan. Mwishoni mwa karne ya 19, mwamko wa lugha na utamaduni wa Kiayalandi uliwafanya wengi wairudishe. Ndiyo maana babu anaweza kubatizwa Brien na mjukuu akazikwa O'Brien, damu ikiwa ile ile.

Kwa hiyo anayetafuta wazee wake asiishie kwenye herufi O. Afungue na B. Sensa nyingi za kabla ya 1851, na ya mwaka huo pia, ziliteketea Juni 1922 jengo la nyaraka huko Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin, lilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1901 na 1911 zipo, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bure. Kwa miaka ya nyuma, jaribu uthamini wa Griffith, yaani tathmini ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864: unataja mpangaji, mwenye ardhi na kijiji. Sharti ujue kwanza kaunti waliyotoka, maana kina O'Brien ni wengi mno kutafutwa kwa jina tupu.