Je, wajua kwa nini drili ya volti 18 inaweza kuishinda iliyoandikwa volti 88?

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Arusha, na hata ya Moshi, ni jambo la kawaida kukuta drili mbili za betri zimepangwa kwenye rafu moja, ya kwanza ikiwa na maandishi makubwa ya 88V ubavuni mwa betri na ya pili ikiwa na 18V kwa maandishi madogo, huku hiyo yenye namba ndogo ikiuzwa kwa bei mara kadhaa ya mwenzake. Seremala anayefunga milango ya mninga, au fundi anayepaua nyumba huko juu mlimani ambako nguzo ya umeme haijafika, ana haki ya kuuliza kwa nini alipe zaidi ili apate volti chache. Jibu lipo, na sehemu kubwa ya jibu hilo imo ndani ya betri.

Takriban betri zote za drili za siku hizi hutengenezwa kwa seli za lithiamu-ioni, teknolojia ambayo kampuni ya Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Seli iliyoenea zaidi ni kopo dogo la chuma lenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa kemia inayotumika humo, kila seli hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Namba hizo hazibadiliki kwa sababu kiwanda ni kikubwa au kidogo. Anayetaka volti nyingi hana budi kuunganisha seli mfululizo, moja baada ya nyingine, na kwa hesabu hiyo seli tano hutoa volti 18.

Sasa tuipime ile 88. Ili kuifikia zingehitajika seli kama 25, na kwa kuwa seli moja ina uzito wa gramu 45 hivi, seli peke yake zingezidi kilo moja kabla ya kuhesabu plastiki na waya. Betri unayoweza kuinyanyua kwa vidole viwili haiwezi kuwa na mzigo huo ndani yake. Betri moja ya aina hiyo, niliyofunguliwa na fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ilikuwa na vitundu kumi vya kukalia seli, vitano vikiwa na seli na vitano vikiwa vitupu. Alipoigusisha mita, ilisoma volti 20 na ushei. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni ya volti 18 sawa na jirani yake wa rafuni. Mara nyingi herufi F huongezwa baada ya V, na hapo namba inabaki kuwa jina la modeli tu, ingawa mnunuzi huisoma kama kipimo.

Ukweli huu unaweza kuthibitishwa dukani bila kufungua chochote. Geuza chaja, tafuta mstari mdogo unaotaja umeme unaotoka, kisha gawa volti zilizoandikwa hapo kwa 4.2. Chaja ya volti 21 ni ya betri ya seli tano, na ya volti 42 ni ya seli kumi, kwa kuwa chaja ya lithiamu lazima ilingane na idadi ya seli zilizounganishwa mfululizo. Mstari huohuo hutaja ampea, nazo hufichua ujazo: chaja ya ampea 1.3 ikijaza betri kwa saa moja, betri hiyo imepokea ampea-saa (yaani ampea zikizidishwa kwa saa) zisizozidi 1.3, hata kama ganda lake limeandikwa 10. Baadhi ya chaja za kampuni kubwa huhudumia betri za aina kadhaa na huandikwa volti za kuanzia na za kuishia, kwa hiyo kwa hizo mgawanyo huu hautoi jibu la moja kwa moja.

Kuna tofauti nyingine ya namba ambayo haina udanganyifu, nayo huwachanganya watu vilevile. DeWalt huuza betri za seli tano kwa jina la volti 20 nchini Marekani na kwa jina la volti 18 Ulaya. Ya kwanza ni makadirio ya volti za betri iliyojaa ikiwa haina kazi, na ya pili ni ya wastani. Kampuni hiyohiyo mwaka 2016 ilitoa betri za FlexVolt zenye seli 15 zinazojipanga upya kulingana na kifaa zilichochomekwa. Mojawapo ikiwa kwenye drili hufanya kazi kama betri ya volti 18 yenye ampea-saa 6, na ikihamishiwa kwenye msumeno mkubwa huwa ya volti 54 yenye ampea-saa 2. Zidisha volti kwa ampea-saa, na pande zote mbili unapata wati-saa 108. Volti zimeongezeka mara tatu, na nishati iliyohifadhiwa haijaongezeka hata chembe. Naona huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba volti, hata zikiwa za kweli, hazitoshi kupima ukubwa wa betri.

Lakini ikiwa drili zote mbili zina seli tano, kwa nini moja hutoboa na nyingine hukwama? Hapa ndipo penye kiini, nacho ni ukinzani wa ndani wa seli. Mwenyeji wa Kilimanjaro anaweza kuuelewa kwa kuufikiria mfongo uletao maji shambani. Mifongo miwili inaweza kutoka kwenye kimo kilekile, mmoja ukiwa umesafishwa na mwingine umejaa majani na tope. Ukiziba mwisho wa chini, maji yatatulia na kupanda hadi kimo kimoja katika yote miwili, na mtazamaji ataiona sawa. Fungua ghafla, na ule safi utajaza shamba wakati ule mchafu ukichirizika. Volti zinazosomwa kwenye betri isiyo kazini ni kimo cha maji yaliyozibwa, na ukinzani ni yale majani na tope.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kila seli nzuri ikiwa na ukinzani wa omu 0.02, seli tano zina omu 0.1. Drili ikikutana na kipande kigumu cha mninga na kuvuta ampea 30, volti 3 hupotea ndani ya betri na mota hubakiwa na 15, yaani wati 450. Seli duni zenye ukinzani mara tatu ya huo zingepoteza volti 9, mota ikabaki na wati 270, na nusu nzima ya nguvu ikageuka joto ndani ya betri. Betri kubwa ya volti 18 yenye ampea-saa 5 kwa kawaida ina seli kumi katika safu mbili zinazogawana mzigo, hivyo ukinzani hupungua kwa nusu. Ndiyo maana drili ileile hupata nguvu zaidi ikibadilishiwa betri kubwa, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni muda wa kazi tu.

Mota nayo ina nafasi yake. Isiyo na kaboni, yaani vile vipande vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme, haipotezi nguvu kwa msuguano wa kaboni na haina kaboni za kubadilisha. Namba za Newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu hupimwa ama kwa skrubu inayosimama ghafla kwenye kitu kigumu ama kwa inayoingia polepole kwenye kitu laini, na boksi hupenda kutaja ile ya kwanza ambayo ndiyo kubwa.

Katika kupima bei, maoni yangu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye seli. Mwenye nyumba anayetundika mapazia na kukaza bawaba hahitaji kulipia jina kubwa, na drili ya bei nafuu yenye seli tano itamfaa. Fundi wa kila siku anunue mfumo ambao betri zake hupatikana mjini na huuzwa peke yake, kwa kuwa baada ya betri mbili za kwanza vifaa vinavyofuata atavinunua vikiwa mwili mtupu, yaani bila betri, kwa bei ndogo zaidi. Grenda ni jambo tofauti: kazi ya wati 1,000 kwa volti 18 hudai zaidi ya ampea 55, wakati kwa volti 36 za kweli, seli kumi mfululizo, hutosha ampea 28. Anayekata vyuma kutwa karibu na soketi atapata nguvu hiyohiyo kwa bei ndogo zaidi kwenye grenda ya waya, na tofauti ya fedha aiweke kwenye betri ya pili ya drili.