Kwa nini butiloda yenyewe ijue kuingia mtandaoni

Watu wengi tunaofanya nao hii kazi ya kontrola za pampu za maji wakisikia apdeti ya mbali wanafikiria hivi: programu kuu inadownload faili mpya, inaiweka kando, inajizima na kuwaka, alafu butiloda, ile programu ndogo inayowaka kwanza na kuita programu kuu, inabadilisha ya zamani na mpya. Iko sawa kabisa mpaka siku programu kuu yenyewe ndo imeharibika, juu ikishakwama kabla ya kufika mtandaoni hakuna kitu kingine ndani ya hicho kifaa kinaeza kuenda kutafuta faili nzuri. Mimi nashikilia hapo: butiloda lazima ijue mtandao, hata kama inakula nafasi.

Kontrola zetu zinakaa kwa nyumba za pampu, zingine Ahero, zingine mbali kule Bunyala, na mvua ikishika ule udongo mweusi wa Kano hata nduthi inakataa. Mlinzi wa pampu akipiga simu aseme "Fundi, mashine imenyamaza", mpunga unangoja maji na wewe uko Kisumu.

Chipu ni STM32F103 yenye fleshi (pale programu inakaa hata stima ikipotea) ya kilobaiti 128 na RAM ya 20. Inatoka kiwandani na butiloda yake, lakini hiyo inaongea na USART1, poti ya siriali, peke yake, yaani lazima uende na laptopu na waya. Kwa mtandao tunatumia W5500, chipu ya Ethernet ya WIZnet, ikiwa imechomekwa kwa rauta ya laini ya simu, na nimeipenda juu TCP, ile kazi ya kupanga mawasiliano ya mtandao, iko ndani ya chipu yenyewe, butiloda haibebi huo mzigo. DHCP (kuomba anwani ya IP kwa rauta) haifanyi, hiyo unaandika mwenyewe, na MAC, ile anwani ya kifaa chenyewe, pia haina. MAC naitoa kwa ile namba ya biti 96 ambayo kila STM32 inazaliwa nayo, alafu baiti ya kwanza naweka 02, ndio ijulikane ni anwani ya kujipangia na isigongane na ya kiwanda chochote.

Fleshi nimeigawa hivi: kilobaiti 20 za butiloda, alafu vyumba viwili vya programu kuu, 52 za chumba A, 52 za chumba B, na 4 za mwisho ni za kuweka alama. A inaanza 0x08005000, B 0x08012000, alama 0x0801F000. Programu ya Cortex-M3 (prosesa ya hii chipu) ikishalinkiwa, yaani ikishapangiwa anwani moja ya kukaa, haikubali kuhamishwa ovyo, kwa hivyo kila toleo natengeneza mara mbili, moja ya A moja ya B, na kifaa kinaomba ile ya chumba kisichotumika. Kuna wanaopenda kunakili kutoka chumba kimoja hadi kingine, mimi sipendi, juu kila kunakili ni nafasi nyingine ya stima kupotea katikati.

Kwa kushusha faili wengi wanakimbilia TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha faili. Ni ndogo kweli, UDP tupu (pakiti zinatumwa bila kufungua muunganisho), bloku za baiti 512, unajibu moja ndo unapewa ingine, na mezani ukiwa na seva kwa LAN inaenda vizuri sana. Shida ni laini za simu: ombi linaenda poti 69 lakini seva inajibu kutoka poti ingine mpya, na NAT ya mtandao wa simu, inayofanya vifaa vingi vitumie anwani moja, ikiona pakiti ya poti isiyoijua inaitupa. So kule shambani ni HTTP na kichwa cha Range (unaomba kipande cha faili tu), ambayo pia inakuwezesha kuendelea pale ulipoachia badala ya kuanza upya na kumaliza bando.

Sasa stima, na hapa ndo kazi yenyewe iko. Fleshi ya hii chipu inafutwa kwa ukurasa wa kilobaiti 1, ikifutwa inakuwa FFFF (biti zote 1), na F103 inakubali kuandika 0000 (biti zote 0) juu ya kitu chochote bila kufuta tena. Kwa hivyo kila ukurasa ukishaingia naweka alama yake 0000. Stima ikipotea wakati alama inaandikwa unaeza kupata takataka, si FFFF si 0000, na lazima uamue mapema utaisoma vipi: kwa kurasa za kushusha, kama si 0000 kamili hiyo kurasa haijaingia, futa urudie, kwa majaribio ya kuwasha programu mpya ni kinyume, chochote kisicho FFFF nahesabu jaribio limetumika. Programu mpya inapewa majaribio matatu, na mpaka ifikie seva yetu ndo inajithibitisha, la sivyo butiloda inarudi chumba cha zamani. Kabla ya kuruka kwa programu butiloda inawasha taima ya ulinzi, IWDG, ambayo ikishawashwa programu haiwezi kuizima, na isipoguswa ndani ya kama sekunde 26 hivi chipu inajirestart.

Lakini chumba kikiwa kizima butiloda isiguse mtandao hata kidogo, iruke tu. Maji ya shamba yasingoje intaneti. Inaenda mtandaoni vyumba vyote vikishindwa ama programu ikiomba, na wakati huo rilei ya pampu, ile swichi ya kuiwasha, inabaki imezimwa.

CRC-32, namba ya kukagua inayokokotolewa kutoka kwa faili, inashika faili iliyoharibika njiani, haishiki mtu aliyeibadilisha makusudi. Kwa hiyo kila faili ina saini ya kidijitali ya Ed25519, baiti 64, na ufunguo wa umma wa kuikagua, baiti 32, uko ndani ya butiloda. Hiyo ndo inaniruhusu kutumia HTTP bila TLS, ule usimbaji wa kuficha mawasiliano: yeyote anaeza kusoma faili, kuighushi hawezi.

Kuruka kwenyewe: zima intarapti zote (vitu vinavyokatiza programu) na taima ya SysTick, hakikisha neno la kwanza la chumba linaelekeza ndani ya RAM, weka VTOR (anwani ya jedwali la intarapti la hicho chumba), pakia stack kutoka kwa hilo neno la kwanza, ruka kwa anwani ya neno la pili. Mwisho funga kurasa za butiloda kwa option bytes, zile baiti za mipangilio ya chipu, kila biti inafunga kilobaiti 4 kwa hivyo ni biti tano, ndio programu yenye hitilafu isiweze kuandika juu yake. Fanya hivyo kabla boksi halijatoka Kisumu.