Paswadi ya waifai si kitambulisho cha mtu

"Watu wetu tu ndio wanajua paswadi." Hiyo utaisikia kwa ofisi za Nairobi, Upper Hill na hata River Road, na paswadi yenyewe imebandikwa ukutani kando ya kalenda. Ukweli ni kwamba paswadi moja ya watu wote haimtambui mtu yeyote, na yule mliyeachana naye kazini mwezi jana bado anaingia akiwa hapo nje kwa ngazi.

Ati basi sajili anwani za MAC, ile namba ya utambulisho ya kila kifaa kwa mtandao, za mashine zote? Hiyo anwani inapita hewani wazi, mwizi anaisoma na kuivaa, halafu simu zenyewe kuanzia Android 10 na iOS 14 zinajitungia anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao, so utafungia wafanyakazi wako nje na mwizi apite. Kuficha jina la waifai nayo ni bure kabisa.

Kinachofanya kazi ni 802.1X, kiwango cha kumthibitisha kila mtu kabla hajaingia kwa mtandao, na si kitu kipya, iko tangu 2001. Kila mtu anaingia na jina lake, kile kifaa cha waifai hakiamui chochote, kinauliza seva ya RADIUS, kompyuta inayotunza orodha ya akaunti, na seva ndiyo inasema huyu apite na apelekwe wapi: wa uhasibu kwa VLAN ya uhasibu, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa, mgeni intaneti tu. Mtu akiacha kazi unafunga akaunti yake moja, wengine hata hawajui kuna kitu kimebadilika.

Sasa hapa ndio wengi wanachomeka, wanadhani ukishaweka hiyo umemaliza. Simu ikiuliza kama unaamini cheti cha seva, yaani kitambulisho cha kidijitali kinachoonyesha seva ni ya kweli, watu wanabonyeza tu ndio, ndio, waendelee na WhatsApp. Jamaa amekaa kwa mkahawa hapo chini ya jengo na laptopu, ameweka waifai yenye jina lile lile la ofisi, simu yako inajaribu kuingia kwake, na kama mnatumia PEAP, njia ya kuingia kwa jina na paswadi, anabaki na jibu la siri lililotengenezwa na paswadi yako, ambalo akifika nyumbani anaweza kulivunja hadi apate paswadi. Cheti na jina la seva viwekwe kwa simu mapema, mtumiaji asiulizwe kitu.

Na gharama? FreeRADIUS, programu ya kuendesha hiyo seva, ni ya bure, kompyuta ya kawaida inaiendesha. Wanafunzi wa vyuo wenye eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, kupitia KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, wanatumia mpango huu huu kila siku, hata wakitembelea chuo kingine chuo chao ndicho kinawathibitisha. Angalia tu kama kifaa chako kina WPA2-Enterprise, ule mpangilio wa waifai unaotumia 802.1X, vingi vinayo tayari.